Tulivyokwenda Amani kwa Ajili ya Mihogo ya Ushongo

Wengi wanaolisikia jina la Ushongo huwaza hoteli za ufukweni na watalii wanaoota jua. Ni kweli hoteli zipo, na ufukwe wake wenye minazi ni wa kupendeza kuliko nyingi katika pwani yetu ya Tanga. Kijiji chenyewe kiko wilayani Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto, mwendo wa kilometa 16 hivi kutoka mjini. Lakini sisi akina mama sita wa kikundi cha huduma cha kanisa letu hatukwenda huko kuogelea. Tulikwenda kuomba radhi.

Habari yenyewe ni hii. Miaka miwili kabla ya safari hiyo tulifika Ushongo kupima watoto uzito, kuzungumza na akina mama juu ya uji wa lishe na kugawa vyandarua. Wawili kati yetu ni wauguzi, wawili walimu, mmoja mshonaji na mmoja mkulima. Tukaona mashamba mengi yana mihogo iliyodumaa, majani yake madogo, yamejikunja na kuingia mabaka ya manjano. Tukasikitika sana, maana katika kijiji kile muhogo ndio chakula cha asubuhi, na mara nyingi ndio cha jioni pia. Tuliporudi nyumbani tukakusanya mbegu za mihogo kwa wakulima wa upande wa Muheza, tukajaza magunia matano ya pingili, tukayapakia garini na kuyapeleka. Tulipokewa kwa vigelegele. Tukapiga picha pamoja na magunia yetu. Picha hiyo ilikaa muda mrefu kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, na hatimaye tulipita mbele yake tukiangalia upande mwingine.

Mihogo ile ilistawi. Majani yalikuwa mapana na ya kijani, mashina yamenyooka, na akina mama wa Ushongo walitupigia simu kutushukuru. Kisha ukafika wakati wa kuvuna. Simu iliyokuja safari hiyo ilikuwa fupi: "Mama Nesi, mihogo yenu imeoza ndani."

Tulimkuta bibi mwenyeji wetu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, ameketi barazani akisuka ukili. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni, piteni," akatutandikia mkeka na kuagiza madafu. Hakuanza na lawama. Watu wa pwani wana subira yao katika mambo ya namna hii, na wakati mwingine subira hiyo huuma kuliko kukaripiwa. Baada ya madafu aliinuka, akachukua jembe, akatupeleka nyuma ya nyumba. Aling'oa shina moja mbele yetu. Kwa nje mihogo ilikuwa minene na mizuri. Alipoikata vipande kwa kisu, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti. Akakata mwingine, ukawa vilevile. Akakata wa tatu, akauweka chini.

"Hamkunipa sumu, mlinipa muhogo," alisema. "Nia ninaijua. Ila mlizitoa kwa nani hizi mbegu?"

Tukatazamana. Hatukujua. Tulinunua kwa huyu na kwa yule, tukachanganya zote katika magunia. Wala hatukujua hapo kijijini walizipata akina nani, kwa sababu siku ile tuligawa kwa kila aliyenyoosha mkono. Mkulima wetu, ambaye kwa kweli ndiye aliyepaswa kututahadharisha, alianza kulia. Nasi wauguzi tulikuwa na aibu yetu ya pembeni. Kwa zaidi ya miaka 20 tumewakemea akina mama waliokuja kliniki bila kadi ya mtoto. "Bila kadi tutajuaje ameshapata chanjo ipi?" Hivyo ndivyo tunavyosema kila siku. Kumbe sisi wenyewe tulichanja kijiji kizima kwa mbegu mbovu, tukaondoka bila kuandika hata mstari mmoja.

Bibi alitusimulia jinsi marehemu baba yake, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alivyojua siku za kupanda bila kalenda ya ukutani. Alihesabu tangu Siku ya Mwaka, ile ambayo wazee huiita pia Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi moja likiitwa mwongo. Watu wa pwani wa zamani, mabaharia kwa wakulima, waliulizana mwongo wa ngapi, wakajua kusi iko karibu kuanza au masika yamekaribia. Mzee yule alitia punje ya hindi katika kifuu kila mwongo ulipotimia. "Kifuu hakikuguswa na mtoto," alisema Bibi, akacheka. "Nyie mna kalamu."

Siku iliyofuata tulimtafuta bwana shamba. Alitufafanulia kwamba maradhi ni mawili, nasi tuliyachanganya. Yale ya kwanza tuliyoyaona, ya majani kujikunja na kuwa na mabaka, ni batobato. Haya ya kuoza ndani ni michirizi ya kahawia, nayo ni ya hila zaidi, kwa sababu mmea waweza kuonekana mzima mpaka siku ya kuvuna. Anayejua hutazama majani ya chini, akaona rangi ya manjano ikifuata mishipa ya jani, au hutazama shina changa, akaona michirizi iliyoungua. Nzi weupe wadogo huyapeleka maradhi haya kutoka mmea hadi mmea, lakini anayeyapeleka mbali, kutoka wilaya hadi wilaya, ni mtu mwenye gunia la mbegu. Hapo tena tukainamisha vichwa. Kisha akasema jambo lililotushangaza: ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu aliyekaa Amani, kwenye milima ile ile tunayoiona kwa mbali tukiwa Muheza.

Amani! Sisi tuliijua Amani kuwa mahali pa malaria, maana wauguzi wengi wa Tanga wamewahi kukutana na watafiti wake. Mihogo ilihusianaje na kule? Tukaamua kwenda kuona.

Tuliondoka Ushongo alfajiri. Njia ya kwenda kwenye kivuko hupita upande wa Kikogwe, na hapa inafaa kusimama kidogo, kwani mkonge wa nchi hii ulianzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikasafiri kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyopandwa Kikogwe, na kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000 za katani kwa mwaka. Mshonaji wetu alisema, "Basi hata sisi magunia matano yangetosha kuijaza nchi nzima maradhi." Hakuna aliyecheka.

Tukavuka mto kwa pantoni, tukapita Pangani mjini na kushika njia ya Muheza, kilometa 45 hivi. Reli ilifika Muheza kutoka Tanga mwaka 1896, ya kwanza katika bara letu la Tanganyika. Kutoka Muheza barabara inaingia katika mashamba, halafu msitu unaanza. Pale Zigi pana lango la hifadhi, na nyumba ya mkuu wa stesheni ya zamani ingali imesimama, kwa kuwa Wajerumani walileta mpaka hapo njia ndogo ya reli ya kutelemsha magogo. Baada ya Zigi gari lilianza kupanda kwa kona, kona, kona, mpaka mwalimu wetu mmoja akaomba tusimame atapike. Tulipofika juu, karibu meta 900 kutoka usawa wa bahari, tulivaa sweta. Asubuhi ile tulikuwa tukipepea kanga kwa joto la Ushongo!

Mwenyeji wetu huko alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi kituoni. Alitutembeza taratibu katikati ya majengo ya zamani yenye kuta nene, chini ya miti iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia, na tukapata historia tunayowaletea hapa.

Taasisi ya Amani ilianzishwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1902. Jina lake la Kijerumani ni refu kiasi cha kumchosha msomaji. Maana yake ni Taasisi ya Kifalme ya Biolojia na Kilimo. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, na baadaye Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea ambaye kabla ya hapo alichunguza maradhi ya kahawa huko Java. Na kwa kweli Java ndiyo iliyokuwa kielelezo chao: Waholanzi walikuwa na bustani yao kubwa ya majaribio kule Bogor, na Wajerumani walitaka yao. Wakapanda mamia ya aina za mimea, kila aina kwa mistari na vibao: mikwinini, mikarafuu, kahawa, kafuri, mipira, miti ya mbao, ya nyuzi, ya mafuta. Walichunguza udongo, wadudu na magonjwa ya mazao. Robert Koch, yule daktari aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alifanya kazi huko kwa muda katika safari yake ya 1905 na 1906. Wauguzi wenzetu watakumbuka kwamba ndiye aliyechunguza hapa nchini namna papasi wanavyoeneza homa ya vipindi.

Lakini kilichotugusa zaidi hakikuwa majina makubwa. Kilikuwa kazi ya kila siku ya kupima hali ya hewa. Desturi ya Wajerumani ilikuwa kusoma vipimo mara tatu: saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Joto, unyevu, upepo, mawingu, mvua. Kila siku, Jumapili isiachwe, Krismasi isiachwe. Mwisho wa mwezi hesabu zinajumlishwa, mwisho wa mwaka zinajumlishwa tena, na taarifa inapelekwa Dar es Salaam kwenye kituo kikuu na kuchapishwa Berlin. Mama yeyote aliyewahi kulaza mtoto wodini anaifahamu chati ya homa inayoning'inia miguuni pa kitanda. Basi Amani waliutundikia mlima chati. Na kama ilivyo kwa chati ya mgonjwa, kipimo kimoja hakisemi kitu. Mwaka mmoja hausemi. Ni pale unapoilaza miaka bega kwa bega ndipo unapoona kwamba Amani hupata kwa wastani karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, wakati Pangani na pwani yake hupata 1,200 hivi, na kwamba vuli hudanganya zaidi ya masika.

Mzee alituonyesha kipima mvua cha siku hizi. Ni chombo rahisi sana kuliko tulivyodhani: faneli, chupa ndani yake, na gilasi nyembamba yenye mistari ya milimita. Saa tatu asubuhi unamimina, unatazama kwa jicho lililo sawa na maji, unaandika. Siku isiyo na mvua unaandika vilevile kwamba haikunyesha. "Hiyo ndiyo inayowashinda watu," alisema mzee. "Siku ya mvua kila mtu anakumbuka kuandika."

Hatutaki mtu adhani tunaisifu serikali ya mkoloni. Kazi hiyo haikufanywa kwa ajili ya bibi yetu wa Ushongo. Ilifanywa kwa ajili ya walowezi wenye mashamba makubwa, ili wajue wapande nini wapate faida. Kila mwaka taasisi ilitoa taarifa yake, na tangu 1905 ilikuwa na jarida lake, Der Pflanzer, maana yake mwenye shamba au mpandaji, na aliyekusudiwa alikuwa mpandaji wa Kizungu. Mwaka ule ule wa 1905 huko kusini watu walikuwa wanakufa katika Vita vya Maji Maji, na sababu mojawapo ilikuwa kulazimishwa kulima pamba. Waliofyeka msitu wa Amani, waliochonga barabara zile za kona na kubeba mizigo hadi juu walikuwa vibarua Waafrika, na wengi wao walihitaji fedha ya kulipia kodi ya kibanda iliyowekwa mwaka 1898. Tulimwuliza mzee kama majina yao yameandikwa mahali. Alituonyesha mawe ya ngazi tuliyosimama juu yake, akaendelea na habari nyingine.

Tena wataalamu wenyewe walikosea mara nyingi. Walowezi wa kwanza walipanda kahawa nyingi katika Usambara ya Mashariki wakidhani penye msitu mnene kama ule pana udongo wenye rutuba. Kumbe rutuba ilikuwa katika majani yaliyooza juu juu. Msitu ulipofyekwa, nayo ikaenda, na kahawa ikawavunja moyo. Kisha wakakimbilia mpira. Katika nyanda za Muheza na Tanga walipanda miti ya mpira ya aina ya Ceará kutoka Brazil, mashamba kwa mashamba. Mwaka 1913 bei ikaanguka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, na miti ikaachwa. Msomaji auweke akilini mti huu wa mpira, tutaurudia.

Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 meli za Waingereza ziliziba bahari, na dawa haikuingia. Ndipo Amani ikawa kiwanda. Walitengeneza kwinini kwa magome ya mikwinini yao wenyewe, na sabuni, na mishumaa, na vitu vingine vingi kwa mimea ya bustani. Sisi wauguzi tulisimama muda mrefu kwenye habari hiyo. Tumewapa watoto kwinini miaka mingi, tunajua ilivyo chungu na jinsi masikio yanavyovuma, lakini hatukuwahi kufikiri kwamba ilikuwa imepikwa hapa kwetu, mkoani Tanga, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Waingereza walifika Amani mwaka 1916. Kwa miaka kadhaa baada ya vita bustani ilikuwa kama yatima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafufuliwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, chini ya William Nowell. Na miongoni mwa waliokuja alikuwa H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea yaletwayo na virusi. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1936 juu ya michirizi ya kahawia.

Storey na mwenzake Nichols walianza kutafuta muhogo usioshindwa na batobato. Walijaribu aina nyingi za mihogo, na ile migumu kidogo ilikuwa bado inaugua. Ndipo wakaukumbuka ule mti wa mpira ulioachwa na Wajerumani. Kwa asili mti wa mpira wa Ceará ni ndugu wa muhogo, wa ukoo mmoja, nao haukuwa unaugua kama muhogo. Wakauchanganya na muhogo: unachukua unga wa ua la huku, unaupaka ua la kule, unalifunga lisiingiwe na mdudu, unangoja mbegu. Watoto wa kwanza walikuwa wagumu kwa maradhi, lakini mizizi yao ilikuwa ya nyuzi nyuzi, isiyofaa chunguni. Wakawarudisha kuchanganywa na muhogo tena. Wakangoja. Wakatupa walioathirika, wakaandika waliobaki kwa namba, wakarudisha tena kwa mara ya tatu. Muhogo hautoi jibu kwa wiki. Kila hatua ni mwaka au zaidi. Kazi iliyoanza katika miaka ya 1930 iliendelea hadi miaka ya 1950.

Kutoka huko zilipatikana aina zilizojulikana kwa namba tu. Moja wapo, yenye namba 46106/27, wakulima wa pwani ya Kenya waliipokea na kuipa jina la Kaleso, na kwetu kusini inaitwa Namikonga. Watafiti wanaithamini hadi leo kwa jinsi inavyostahimili michirizi ya kahawia. Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kizazi chake kikawa msingi wa mihogo mingi bora ya Afrika ya leo. Hivyo mti uliopandwa ili kumtajirisha mlowezi, ukamfilisi, ukaishia kuwa babu wa mihogo inayoliwa na watoto wa Ibadan na wa Mtwara. Mkulima wetu, aliyekuwa kimya tangu Ushongo, aliuliza swali moja: "Na wangeupoteza ule ukurasa wenye namba?" Mzee akasema, "Basi wangebaki na shamba la mihogo, mama, lisilojulikana ni ipi."

Tuliomba tuonyeshwe mihogo hiyo. Haipo. Kituo cha kilimo kilihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1950 hata mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa ulichukuliwa kwenda Nairobi. Amani ikapewa kazi nyingine, ya malaria. Daktari Bagster Wilson, ambaye yeye na mkewe walikuwa wamechunguza malaria ya Tanga tangu miaka ya 1930, alianzisha kitengo kilichokuja kuwa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika, serikali yetu iliunda kwa sheria ya mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Amani ikawa kituo chake kimojawapo. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika Muheza. Ni katika vijiji vya Muheza, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa, wakihesabiwa mbu chumba kwa chumba na vimelea katika damu ya watoto. Vile vyandarua tulivyogawa Ushongo kwa furaha siku ile vilikuwa na madaftari yake nyuma. Msitu wenyewe wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira mwaka 1997.

Tulilala huko usiku mmoja kwa baridi, tukateremka.

Mbegu safi tuliipata kwa msaada wa bwana shamba, aina iitwayo Kiroba, ambayo wakulima wa pwani wanaijua tangu zamani na ambayo huvumilia michirizi ya kahawia kuliko nyingi. Safari hii tuliingia shambani wenyewe wakati wa kuvuna. Tulikata mihogo ya kila shina tuliloichukulia pingili, na lililokuwa na doa hata moja tuliliacha. Ilituchukua siku tatu kujaza magunia mawili. Bwana shamba alituonya kwamba hata hiyo Kiroba haina kinga kamili, na kwamba inafaa kuvuna mapema bila kuiacha ardhini muda mrefu, kwa maana uozo huzidi kadiri muhogo unavyokaa.

Tulirudi Ushongo masika yalipokaribia. Bibi alikuwa amekwisha kung'oa shamba lake lote na kuchoma mashina, peke yake na wajukuu. Kazi iliyobaki ilikuwa nyumba za wengine. Tulinunua daftari kubwa la kurasa 200 dukani Pangani, tukachora mistari: jina, tulimpa lini, zimetoka shamba la nani, ngapi zimeota, zimeonekanaje wakati wa kuvuna. Tukazunguka nyumba kwa nyumba tukiuliza nani alichukua mbegu zetu za mwanzo. Wengine walifurahi kutuona. Mama mmoja hakufurahi kabisa. Alituambia shamba lile lilikuwa ada ya shule ya mtoto wake, na hatukuwa na la kujibu ila kumsikiliza mpaka amalize.

Jioni moja, maji yakiwa yamekupwa, Bibi alitupeleka ufukweni akatuonyesha Maziwe. Ni kisiwa kilichoko kilometa chache baharini, na zamani kilikuwa na msitu wa mivinje, na kasa walikipenda kutagia kuliko mahali pengine katika pwani yetu. Yeye aliiona miti hiyo tangu utotoni. Mawimbi yaliula mchanga, miti ikaanguka mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha kuondoka yote. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa na bamvua. Kasa bado wanakuja kutaga, na mayai yangezama kama yangeachwa, kwa hiyo vijana wa kijiji huyahamisha na kuyafukia upya hapa Ushongo. Tuliwakuta wawili wakiwa kazini, chini ya minazi. Kila tundu lilikuwa na kijiti chenye tarehe. Mmoja wao alikuwa na daftari, akituambia yai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na akatusomea tundu lile lina mayai mangapi na linatarajiwa kufunguka lini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu. Mkulima wetu alimwomba amwonyeshe alivyochora mistari yake.

Tulipojumlisha usiku ule kwa taa tulikuwa na kaya 23. Majina 14 tuliyakumbuka wenyewe au tuliyaona katika ile picha ya vigelegele, ambayo hatimaye ilipata kazi. Mengine tisa alitutajia Bibi, kwa kukumbuka nani alipanda siku gani ya mwongo. Kati ya hizo 23, kaya 22 zimekwisha kung'oa na kupanda upya. Mmoja aliyebaki ni mama aliyeolewa Kipumbwi muda mfupi baada ya ugawaji wetu, na inasemekana alikwenda na mzigo wa pingili kichwani. Tumemtumia salamu mara mbili kwa wavuvi. Jina lake liko ukurasa wa kwanza, mstari wa sita, na mbele yake pako wazi.